Jina Chini ya Mguu wa Mpagazi

Jina langu la pili ni la Mbelgiji mmoja aliyekuwa akichonga sanamu na kutengeneza medali. Sitaliandika hapa, maana wanaolijua wameshacheka vya kutosha. Nataka kueleza tu lilivyofika kwetu, na kwa nini halitoki.

Hapa Kasongo, mji wetu wa Maniema, kuna ukuta wa mawe wenye bango la shaba. Juu yake, mbele, wamechongwa askari wa kizungu, vifua wazi kama majogoo. Nyuma yao yuko mpagazi mmoja, mzigo mgongoni, mkanda wake umepita kwenye paji la uso, vile wanawake wetu wanavyobeba kuni hadi leo. Babu wa mama yangu alichukuliwa kijijini Wamaza kwenda kubeba mizigo ya vita vya wazungu vya Tabora, wala hakurudi. Bibi yangu alikuwa bado tumboni. Kaburi la baba yake hakuna anayelijua.

Bibi alipoolewa Kasongo akaliona lile bango, akasema huyu ni baba. Hakuwahi kumwona, lakini mama yake alimwambia kwamba goti lake la kushoto lilipinda, na goti la mpagazi yule limepinda. Chini ya mguu wake kuna maandishi madogo. Bibi akamwomba karani wa soko amsomee, naye akasoma jina. Basi, bibi akaamua kwamba hilo ndilo jina wazungu walilomwandikia baba yake huko njiani. Kwetu, jina la aliyekufa mbali hurudishwa nyumbani kwa mtoto. Nilipozaliwa nikapewa mimi.

Nimelibeba zaidi ya miaka hamsini, nikiuza mawese, nikizaa, nikizika. Mwaka juzi padri mmoja mgeni, mpenda vitabu vya zamani, aliniuliza nililitoa wapi. Nikamweleza kwa majivuno. Akasema, "Mama, ile jina haiko ya babu yenu. Iko ya ule mwenye alitengeneza sanamu. Wanaandikaka jina yao kwa chini."

Akanisomea maisha ya mchongaji huyo. Mtoto wa seremala, akasomea uchongaji, akatia nyuso za wafalme kwenye medali ndogo za kushika kiganjani. Viwanja vya kwao vimejaa farasi wake wa shaba na askari wake wa mawe. Alikufa mzee, kitandani, na watoto wake pembeni. Maniema hakuikanyaga hata siku moja. Mpagazi alimchonga kwa kutazama picha.

"Picha ya nani?" nikauliza.

"Haijulikani, mama."

Aibu ilinikaa wiki nzima, kisha ikageuka hasira, na hasira ilinifaa zaidi. Sokoni wakaanza kuniita Mama Mubeleji, nami nikawaitikia huku nikiwapimia mawese. Askari wale kila mmoja ana jina lake juu ya ukuta, mtu wetu hana. Basi mpagazi asiyejulikana ni babu yetu, mpaka waniletee mwenyewe.

Kaka yangu mkubwa hakutaka kusikia. Binti yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na nilikwisha kutangaza kwamba jina litaenda kwake. Kaka akaja nyumbani, akakataa hata kuketi.

"Tunachekwa," akasema. "Ile jina ikufe na wewe."

"Yaya," nikamwambia, kwa heshima ya kaka mkubwa, "jina ikikufa, babu tutamuita nani? Ile yake ya kweli, unaijua?"

Hakulijua. Hakuna aliyelijua; mama yake bibi, kule Wamaza, alikufa nalo, maana mke hakumtaja mumewe kwa jina. Maji yakimwagika hayazoleki. Jina hili ndilo pekee tulilolitaja tukimlilia matangani.

Siku ya ubatizo kaka alikuja, akasimama mlangoni, mikono nyuma. Nilimtajia katekista jina la mtoto. Kalamu ikasimama, maana habari ilikuwa imeshamfikia.

"Mama, unajua iko jina ya nani?"

"Najua. Alichukua sura ya babu yetu, hakuuliza mutu. Sisi tulichukua jina yake, na sisi hatukuuliza. Andika."

Akaanza kuandika, akakosea, akafuta, akakosea tena. Ndipo kaka yangu aliposogea kutoka pale mlangoni, akainama juu ya daftari, akaanza kumtajia herufi moja moja.