Ramani Iliyoandikwa "Hakuna Kitu"

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya maji hapa Kitengela, mitungi yangu miwili miguuni, jirani aliponiambia kwamba mchoraji ramani amefariki. Alisema kwa sauti ya chini, kama inavyopasa. Mimi sikulia. Nilikasirika, na hata sasa ninapoandika bado nimekasirika, kwa hiyo msomaji wangu anayetarajia maneno laini ya tanzia aniwie radhi. Marehemu alihitaji watu wa kukasirika pamoja naye alipokuwa hai. Hakuwapata, na wa kwanza kumnyima ni mimi.

Alikuja kutoka Ukambani miaka ya tisini, kijana wa kanisa, mpole, mwenye mwandiko ambao watu walikuwa wakiuonyeshana. Ofisi moja mjini Kajiado ilimwajiri kuchora ramani kwa mkono, na kazi yake kubwa ya kwanza ikawa msitu mdogo uliokuwa vilimani, juu ya Kimuka. Siku hizo ardhi za pamoja za Wamaasai zilikuwa zikigawanywa ili kila mtu apate kipande chake na hati yake, na wakubwa walitaka kujua msitu ule una faida gani kabla ya kuamua uachwe au ukatwe vipande. Akaenda, akamkuta mzee akichunga ng'ombe kando ya miti. Wakasalimiana. "Mzee, hii msitu iko na nini ndani?" akauliza. "Hakuna kitu," mzee akajibu. Na ule upande wa chini? "Hakuna kitu." Na kule juu? "Hata kule, hakuna kitu." Kijana wetu akashukuru, akawahi ofisini kabla haijafungwa, na kwa mwandiko ule mzuri akaandika katikati ya msitu, kwa wino mweusi: HAKUNA KITU. Bosi wake alifurahi sana.

Miezi michache baadaye alirudishwa kupima mpaka, mvua ikamfungia nyumbani kwa yule mzee. Mzee hakuwepo. Mkewe akampa chai, na kijana, kwa majivuno kidogo, akamfunulia ramani na kumsomea. Mama akaweka kikombe chini. "Nani alikuambia hivyo?" "Ni mzee mwenyewe, yeyo," akajibu, akimwita mama kwa Kimaasai chake cha kuokoteza. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha kucheka. "Wewe uliuliza kama mgeni anauliza habari. Mgeni akiuliza, huwezi kuanza na maneno mingi. Unasema hakuna kitu, ni kusema hakuna mbaya, ni amani. Halafu mgeni anakaa, anakunywa chai, ndio sasa anaambiwa. Wewe hukukaa."

Siku hiyo alikaa. Na tangu siku hiyo kila likizo yake ilikwisha vilimani, akitembea nyuma ya mama huyo na wenzake, kalamu mkononi. Akachora chemchemi moja moja, na mstari kutoka kila chemchemi hadi boma linaloitegemea. Akachora mizinga ya nyuki, na mti ambapo wanawake huenda kuomba watoto. Akachora miti ya dawa, akafuata magome yake mpaka kwa akina mama wanaoyauza hapa sokoni Kitengela, akafuata asali mpaka Namanga. Akachora njia ya ng'ombe wanaotoka kwetu huku tambarare wakati wa kiangazi kikali kwenda kutafuta nyasi chini ya miti ile. Karatasi ikawa haitoshi. Akabandika nyingine ubavuni, na nyingine tena, mpaka msitu wenyewe ukabaki kitu kidogo katikati na faida zake zikajaza meza nzima. Sijaona kazi ya ofisi iliyonigusa kama ile.

Alipoipeleka, bosi aliitazama akatabasamu. "Bwana, hii ni ramani gani inatoka nje ya ramani?" Kisha akavuta droo, akatoa ile ya kwanza. "Na hii? Si ni mkono yako hii?" Basi. Kamati ikakaa, ikatumia ile ya kwanza, na watu waliosoma shule nzuri wakainua mikono kukubali kwamba pale hakuna kitu. Hawa ndio wanaonikera. Kijana alikosa kwa haraka na ugeni, akatumia miaka kusahihisha kosa lake. Wao walielewa vizuri kabisa, ila lile kosa liliwafaa.

Nami je? Kabla kamati haijakaa aliniletea ile ramani kubwa imekunjwa chini ya kwapa, akaniomba niandike katika safu hii ya gazeti. "Nipe wiki moja," nikamwambia. Wiki hiyo niliandika kuhusu mashimo ya barabarani. Iliyofuata sikumbuki niliandika nini, ila haikuwa msitu. Kisha misumeno ikaingia, na chemchemi zikakauka. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu naamka naye kila asubuhi nikibeba mitungi.

Jumamosi tulimzika kwenye kiploti chake hapa Kitengela. Yule mama alikuja kutoka Kimuka, amezeeka sana. Nikamtafutia kiti, nikamletea chai iliyopikwa kwa maji ya lori, nikakaa chini karibu naye. Nilitaka walau mara moja nifanye alivyofundishwa marehemu, maana funzo la maisha yake ndilo hilo: anayetaka kujua kitu kina faida gani akae na wanaokitumia, asikilize mpaka waseme.

"Yeyo," nikauliza, "huko msituni kukoje?"

"Hakuna kitu."

Nikangoja. Akanywa chai yake polepole mpaka ikaisha, akaweka kikombe kwenye nyasi, akanitazama.

"Sasa unangoja nini?" akasema. "Nimekuambia, hakuna kitu."