Afadhali Waseme Nimelewa

Mara ya kwanza nilikuwa nachomelea geti la mteja, pale karakana kwangu Manyoni, jua limeshakuwa kali. Nikavua miwani ya giza nitazame mshono, nikaona kidoa cha mwanga kimekaa katikati ya chuma. Nikadhani ni moto wa mashine tu, ule unaobaki jichoni ukiukodolea. Nikafumba macho, kipo. Nikafumbua, kipo, na sasa kinakua, kinachezacheza, kina meno kama ya msumeno, na nyuma yake hakuna kitu kabisa. Mteja akaja kuulizia geti lake, nikaona kofia na sikio moja. Upande wa pili wa uso wake haukuwepo.

Siku hizi najua jina la ugonjwa ule. Daktari aliniambia ni kipandauso, cha aina ile inayoanzia machoni kabla kichwa hakijauma, kinakuja, kinakaa kidogo, kinaondoka, na macho yenyewe ni mazima. Lakini wakati ule sikwenda kwa daktari. Niende nikaambiwe nini? Sisi wa kuchomelea tunajua tunakoishia. Nilijua macho ndiyo yanakwenda hivyo, na fundi asiyeona nani atampa kazi? Nikamwambia yule mteja arudi jioni, nikaenda kukaa nyuma ya mapipa nimejishika kichwa mpaka kikapita. Nikakausha, sikumwambia mtu.

Nyumbani ndiko nilikoharibu. Siku moja kilinikuta mezani. Mke wangu ameniwekea chai, nikapeleka mkono, nikashika hewa, kikombe nikakipiga kwa kiganja, chai yote ikamwagikia kitambaa cha meza alichokifuma mwenyewe. Nikainuka kwa hasira nikajigonga kwenye mlango. Akanitazama.

"Baba watoto, umekunywa?"

Nikasema ndiyo.

Lilinitoka haraka, na nikaona nafuu, Mungu anisamehe. Mimi pombe naionja harusini tu. Lakini mlevi kwetu ni mtu wa kawaida, anachekwa leo, kesho anapewa kazi. Kipofu anahurumiwa, na huruma ya watu mimi siiwezi, bora wanitukane. Basi kila kilipokuja nikawa mlevi. Nikipepesuka njiani, nimelewa. Nikimpita mzee wa watu bila shikamoo kwa sababu sikumwona, nimelewa. Nikilala mchana kichwa kinanipasuka, ni hangova. Mke wangu akininusa mdomo asisikie harufu yoyote, namfokea: unanichunguza, wewe ni polisi? Nilimfokea sana, jamani. Siku aliyoniuliza tena, watoto wakiwepo, nilimwambia kama amechoka, njia ya kwao anaijua. Akafunga nguo zake na za watoto, akaenda kwao Kintinku.

Nikajifanya jeuri kwa muda. Nyumba ikanishinda. Nikaenda kwa baba yangu mdogo, akanisema weee, mwisho akakubali kunipeleka ukweni tukaombe msamaha. Njiani alinionya jambo moja tu. "Wakikukuta na harufu ya pombe leo, mke umemkosa. Na mimi sirudi tena."

Sasa ukweni kwenyewe, mama mkwe humsogelei. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa namwamkia kwa mbali, macho chini, naye anaitikia bila kunitazama. Nikimwona anakuja njiani, mimi ndiye naingia majanini apite. Kumgusa ndiyo usiseme.

Tulikaribishwa uani, kwenye kivuli cha nyumba, baba mkwe na wazee wenzake wawili wamekaa mbele yetu. Wakanihoji. Pombe umeacha? Nimeacha, wazee wangu. Tangu lini? Tangu mke wangu alipoondoka. Nilikuwa naapa kuacha kitu ambacho sikuwahi kukianza, na sauti inatetemeka kweli kweli. Baba mkwe akalainika. Akaagiza binti yake aitwe. Hapo hapo kidoa kikatokea, kwenye paji la uso wa baba mkwe.

Ningeweza kusema. Hata dakika ile ningeweza. Badala yake nikaomba ruhusa ya kwenda kujisaidia, nikanyanyuka, nikaifuata nyumba kwa kupapasa ukuta, upande wa kushoto wote umemezwa. Kwenye kona ya jiko nikavaana na mtu. Nikayumba, nikamkumbatia nisianguke, sufuria ikaanguka, ugali wa wageni wote chini. Nikainamisha macho nikaona kitenge cha mama mkwe.

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wazee wamesimama, Kigogo chao kinamwagika, mimi naambulia neno la pombe tu. Baba mdogo akasema kwa Kiswahili, ili asikike na kila mtu, "Mimi nimenawa mikono." Mke wangu alikuwa ametokea mlangoni. Nilimtambua kwa kanga, maana uso sikuuona.

Mama mkwe hakunisukuma. Tulikuwa karibu kiasi kwamba pumzi yangu ilikuwa inampiga puani.

"Huyu hajanywa," akawaambia. Kisha akanigeukia mimi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mwanangu, unaniona?"

"Nusu," nikasema. Nikaanza kulia, mtu mzima na ndevu zangu, nimemshika mama mkwe mabega mbele ya wazee. "Sioni, mama. Ni muda sasa. Sikuwahi kulewa."

Akanishika mkono, akanipeleka chumbani kwake, akanilaza, akashusha pazia. Kitandani kwa mama mkwe! Mpaka leo nikikumbuka masikio yanawaka moto. Nje nikamsikia mzee mmoja anadai mbuzi wa faini, kwamba mkwe amemshika mkwewe, haijawahi kutokea. Mama akamjibu kwa sauti ya juu.

"Mbuzi wa nini? Nani kasema amenishika? Ameteleza, mimi ndiye nimemdaka. Mkitaka mbuzi, nitozeni mimi."

Ulikuwa uongo mtupu, na wote walikuwa wameona kwa macho yao. Hakuna aliyembishia.

Mke wangu akaingia. Hakukaa.

"Kwa hiyo ulikuwa hunywi."

"Nilikuwa sinywi."

"Hata siku ile ya chai?"

"Hata siku ile."

Nikadhani ananionea huruma, nikajikaza niipokee. Kumbe alikuwa anakumbuka.

"Wenzangu wa kwaya waliniombea," akasema. "Waliniita mbele, wakaniwekea mikono kichwani, wakamlilia Mungu mume wangu aache pombe. Kanisa zima linanitazama. Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Uliitikia amina."

Niliitikia, tena kwa sauti.

"Kesho tunarudi wote Manyoni," akasema. "Jumapili utasimama pale pale waliponiombea, uwaambie mwenyewe."

Nikasema sawa. Macho yalikuwa yameanza kurudi. Uso wake ukajaa taratibu, kwanza shavu la kushoto, halafu jicho, na kichwa nacho kikaanza kugonga. Alikuwa bado ananitazama. Nikageukia ukutani.