Sura ya Pili Ilifungia Karanga

Bwana yangu ni mwanafizikia wa nadharia. Maana yake anafanya kazi bila chombo, bila maabara, na tangu vita ianze, bila mushahara. Alikuwa assistant wa chuo kikuu hapa Bunia, na thèse yake ya udaktari ilikuwa juu ya ulimwengu wenye vipimo vitano. Siye tuliishi ndani ya nyumba ya vyumba viwili, na kimoja kilivuja.

Niseme haki, kazi yake ilifika mbali. Revue moja ya sayansi ya Ulaya ilitoa makala yake, na profesa mumoja wa huko akaitaja chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo kama za karatasi ya dawa. Ule mustari bwana yangu aliwaonyesha wageni kabla ya kuwaonyesha mutoto. Mimi nilimaliza sekondari, section ya math-physique, kwa hiyo hanidanganyi: nilielewa kurasa nne za kwanza. Zilizobaki nilizipiga tu kwa mashine, kila Jumapili, mimba ikigusa meza. Photocopie, nakala ya pili, tungefanya mwezi unaokuja. Kila mwezi ilikuwa mwezi unaokuja.

Asubuhi ile mapigano yaliingia kwartye, mutaa wetu. Mutoto alikuwa anachomeka na homa tangu juzi, na degedege ilikuwa imemushika mara moja. Dawa ya kinini ilipatikana upande wa uwanja wa ndege tu, kwenye kituo cha wakimbizi. Nikamufunga mutoto mugongoni, nikaweka kichwani beseni ya karanga za kukaanga, zile nilizokuwa ninauza ili mwanasayansi ale. Na yeye alibeba nini? Blanketi? Sufuria? Bidon ya maji? Alibeba valizi, sanduku zima la thèse. Alipoona ninamutazama, akasema si nzito sana.

Bariyeri ya barabara ilikuwa kamba, na nyuma ya kamba vijana watano wenye bunduki. Valizi inayobebwa kwa mikono miwili, machoni mwao, ni dhahabu ya mugodi wa Bambu. Wakaifungua. Wakakuta mishale, duara, herufi za Kigiriki. Mukubwa wao, aliyevaa miwani ya jua ya mwanamuke, akageuza ukurasa chini juu, akauliza hii ni ramani ya position za jeshi la nani.

Mutu wa elimu akaona saa ya somo imefika. Akaeleza kwamba si ramani, ni vipimo, na viko vitano.

"Ya tano iko wapi?"

"Haionekani," bwana yangu akajibu.

Wakamupigisha magoti. Mutoto akaanza kutetemeka mugongoni mwangu. Hapo ndipo nilipotoa uamuzi wangu juu ya kazi yake ya miaka sita.

"Chef, huyu kichwa yake iko mubaya. Hii makaratasi iko yangu, ya kufungia karanga."

Si uongo mukubwa. Ofisi zote zilikuwa zimeporwa, na siye wauza karanga tulifungia kwa kila kilichookotwa barabarani. Miaka ile ulikula karanga huku ukisoma bulletin ya shule ya mutoto wa mutu.

"Kama iko yako, funga," mukubwa akasema.

Nikatua beseni. Nikachukua ukurasa wa juu, nikaupasua katikati, nikauzungusha, nikakunja mukia, nikajaza. Wa pili. Nilikuwa ninapasua Jumapili zangu mwenyewe, kwa hasira. Mara nikasikia sauti kutoka kwenye magoti:

"Mama mutoto, si hiyo. Anza na chapitre ya pili."

Nilitamani bunduki iwe kwangu.

Mukubwa akamutazama, akanitazama. Nikamuambia, "Unaona? Ni vile kila siku. Hata karanga anataka kunifundisha kufunga."

Wakacheka. Nikawafungia sura ya pili yote. Walikula, wakalamba chumvi juu ya demonstration za hesabu, wakatupa. Sidhani yule profesa wa Ulaya amewahi kupata wasomaji wengi hivyo asubuhi moja. Beseni ikabaki tupu, kamba ikashuka, tukapita mbio.

Kituoni wakamutia mutoto serum na kinini, wakanipa fishi yake, karatasi ya matibabu. Baada ya muda mwili ukalegea, akalala usingizi wa kweli. Bwana yangu alikaa chini ya turubai, valizi na kurasa zilizobaki magotini. Nikamuuliza kama analilia chapitre yake.

"Ya pili ninaijua kwa kichwa," akasema. "Ya kwanza siijui."

Yaani, na bunduki shingoni, alikuwa amefanya hesabu. Nikaenda kutafuta maji.

Niliporudi, alikuwa ameazima kalamu kwa muganga wa kituo na anaandika nyuma ya fishi ya mutoto. Fishi ya mutoto! Nikamunyang'anya, tayari kumuambia yote niliyoyameza tangu ndoa. Juu kabisa, kabla ya mustari wa kwanza wa fizikia, alikuwa amepanga saa za kinini, moja chini ya nyingine, na ile ya kwanza amekwisha kuikata kwa mustari.

Nikamurudishia.

"Andika," nikamuambia. "Lakini usijaze. Dozi za kesho zitakaa wapi?"