Bolti zenye Alama ya Manjano

Mzee Mohinder hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Mkongo, na mbele ya wateja aliniita Mkongo Asiyesema. Aliwaambia kuwa nikisimama ukumbini, mtu anaweza kunitundikia koti. Walicheka, nami nikacheka kidogo, halafu nikaendelea kupanga viti. Nilifanya naye kazi miaka tisa, na miaka yote hiyo yeye ndiye aliyesema kwa niaba yetu wawili.

Kazi yenyewe ilikuwa kubeba viti, meza na masufuria makubwa. Hapa London, mtu akimwoza binti Stanmore, akifiwa Wembley, au watu wakiwa na sherehe karibu na hekalu la Neasden, alipigiwa simu Mzee Mohinder. Tulipakia vitu kwenye gari lake jeupe la mizigo, la dizeli, tukavipeleka, na kesho yake tukavirudisha.

Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Yeye ni Kalasinga wa Nakuru. Baba yake alikuwa na gereji kule, na Mohinder alipofika miaka kumi na mitatu familia nzima ilifunga mizigo ikaja Uingereza. Mimi natoka Uvira. Siku moja, kwenye kituo cha basi Wembley, alinisikia nikiongea kwa simu na dada yangu Euphrasie. Akaniuliza kwa nini Kiswahili changu kimevaa viatu vya Kifaransa. Wiki iliyofuata nilikuwa nambebea viti.

Kabla ya viti alikuwa fundi katika kiwanda kikubwa cha injini za dizeli, upande wa mashariki wa London, kando ya mto. Alikaa humo miaka thelathini, mahali pamoja. Kazi yake ilikuwa kukaza bolti za kichwa cha injini. Ukishakaza bolti unaitia tone la rangi, ili anayefuata ajue kuwa imekazwa. Kila fundi wa sehemu ile alikuwa na rangi yake. Yake ilikuwa manjano. Aliichagua, alisema, kwa sababu marehemu mkewe alikuwa na vidole vya rangi hiyo, ya bizari, kila siku aliyopika.

Zamani hizo serikali yenyewe iliwahimiza watu wanunue dizeli, kwa kuwa hunywa mafuta kidogo. Kiwanda kilifanya kazi mchana na usiku. Baadaye habari ikageuka ikawa moshi. Vipimo vya moshi unaoruhusiwa vikakazwa, na kila baada ya miaka michache vikakazwa tena. Kampuni ikawa inabadilisha injini kabla watu hawajaizoea ile iliyopita. Gharama ikapanda, wanunuzi wakapungua, na mafundi nao wakapunguzwa. Mwaka 2013 ikafika zamu yake. Walimpa kiinua mgongo, na kwa kiinua mgongo hicho akanunua gari.

Kisa cha kulinunua alinisimulia mara nyingi. Muuzaji alimshauri asubiri miaka miwili, kwa sababu injini za namna mpya, zenye moshi safi zaidi, zilikuwa njiani. Mzee hakutaka kusikia. Aliomba tochi, akafunguliwa boneti ya gari la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye gari la saba akaiona rangi yake ya manjano juu ya bolti. Akalipa siku hiyo hiyo.

"Sinunui gari ambalo simjui fundi wake," alimwambia muuzaji.

Angesubiri ile miaka miwili, nisingekuwa na kisa hiki cha kuandika.

Agosti 2023 ile sheria ya moshi, ambayo sisi tunaiita Yulezi, ilifika mitaa yetu. Gari la namna ya lile likiingia barabarani, hata kwa nusu saa, unatozwa paundi kumi na mbili na nusu kwa siku hiyo. Kazi zetu nyingi zilikuwa ndogo, viti ishirini hapa, masufuria mawili pale, tena za siku mbili, kupeleka na kurudisha. Mzee alipopandisha bei, wateja walihamia kwa Pritesh, kijana wa Neasden mwenye gari la umeme. Walituaga kwa adabu sana. Mama mmoja alimletea Mzee sahani ya vitumbua, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa.

Ilipofika katikati ya mwaka uliofuata nilikuwa nafanya kazi siku moja kwa wiki, na wiki nyingine hata hiyo moja haikuwepo.

Reshma, binti yake, ndiye aliyemletea fomu. Kulikuwa na msaada wa pesa kwa wenye magari ya zamani, ili ununue jingine, na mpango ulikuwa karibu kufungwa. Reshma alizaliwa hapa. Kiswahili chetu anakisikia, lakini hujibu kwa Kiingereza. Alimweleza baba yake polepole kuwa gari sharti livunjwe, na ipatikane hati ya kuthibitisha kuwa limevunjwa. Mzee akauliza kama injini inaweza kutolewa kwanza. Reshma akasema haiwezekani. Gari linakwenda lote.

Hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kikimsumbua. Kazi alikwisha kuiaga moyoni. Alichokuwa akipigania ni ile injini isivunjwe.

Alinipeleka kwa Nadim, mtu wa Mombasa anayesafirisha magari kwenda Afrika. Wazo la Mzee lilikuwa kulipeleka gari Nakuru kwa watoto wa binamu yake, libebe viazi huko, liendelee kuishi. Msaada angeuacha. Nadim aliuliza mwaka wa gari, akatikisa kichwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane.

"Hata Nakuru?" Mzee akauliza.

"Nakuru si iko Kenya, Mzee wangu?"

Mzee akacheka. Nilipomtazama vizuri niliona kuwa hacheki. Tulipotoka nje aliniuliza kama kwetu wangelipokea. Nikamwambia kwetu lingepokelewa kwa mikono miwili, ila lingechukuliwa na wenye bunduki kabla mafuta ya kwanza hayajaisha. Alisimama kidogo kando ya gari, akasema alikuwa hajui kuwa chuma nacho kinaweza kukosa nchi.

Akajaza fomu.

Tulilipeleka Jumanne moja asubuhi. Aliliosha kwanza, ndani na nje, akabadilisha na oili. Nilijua kuwa oili hiyo itamwagwa baada ya saa mbili. Njiani alizima redio ili asikilize injini. Ilikuwa inaunguruma sawasawa kama siku zote.

Uwanja wa kuvunjia magari ulikuwa mbali, nyuma ya bohari. Mwenyewe alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye glavu zilizotoboka. Alichukua ufunguo na karatasi, akatuambia tusubiri hati ofisini. Mzee aliomba abaki nje atazame. Mashine yenye mkono wa chuma ikalinyanyua gari, ikalilaza ubavu, ikaing'oa injini kama mtu anayetoa matumbo ya kuku. Ikaizungusha hewani na kuitupa juu ya rundo kwenye kona.

Mzee aliifuata. Mwenye uwanja alimpigia kelele asisogee, nikakimbia kumshika mkono, na hapo tukaliona rundo lenyewe vizuri. Zilikuwa injini tupu, nyingi, zimepandana hadi juu ya kichwa changu, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za kiwanda chake. Magari yote ya umri ule yalikuwa yameletwa mwaka ule. Katikati ya grisi na kutu, huku na huku, kulikuwa na manjano. Tone hapa, tone pale, kila mahali mtu alipotazama.

Aliinama, akashika bolti moja kwa vidole, akajaribu kuizungusha. Akajaribu nyingine.

"Hazijalegea," akasema. "Hata moja, Mkongo."

Mwenye uwanja alipoelewa kidogo, alimfungulia bolti moja aende nayo nyumbani. Mzee alimshukuru, akamrudishia. Alisema bolti peke yake haina kazi.

Tulirudi kwa basi. Lilikuwa la umeme, na Mzee alikaa ameegemeza sikio kwenye kioo. Baada ya vituo vingi aliniuliza, kama limenyamaza hivi, mtu anajuaje likiwa linaumwa?

Pesa za msaada zilikuja. Reshma alimpeleka kuona gari la umeme, Mzee akafunguliwa boneti, akatazama ndani, akaifunga. Hakununua. Viti aliviuza kwa Pritesh, vyote pamoja. Mimi siku hizi nafagia uwanja wa mpira baada ya mechi, na kule hakuna anayenitania.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Alikuwa sebuleni na mjukuu wake, Jasmin, mtoto wa Reshma, mwenye miaka sita. Mtoto huyo ana pumu tangu alipozaliwa, na zamani usiku haukupita bila dawa ya kupuliza. Alikuwa amelala kwenye kochi, kichwa juu ya paja la babu yake. Mzee aliniashiria nikae. Nikakaa, na mara hii yeye ndiye aliyekuwa Asiyesema.

"Unamsikia?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Anavyopumua?"

Nikasikiliza. Alikuwa anapumua vizuri, bila ule mluzi wa kifuani. Nikasema namshukuru Mungu, daktari amemtibu.

"Daktari dawa zake ni zile zile. Kilichopungua ni moshi." Alikuwa ameweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, vile nilivyokuwa nikimwona akikiweka juu ya injini. "Miaka thelathini, Mkongo. Nilikuwa naukaza mkono huu huu kwenye shingo yake, kabla hajazaliwa."

Ningeweza kumwambia kuwa hakujua. Ningemwambia kuwa waliomwambia akaze walikuwa wengi, na wakubwa kuliko yeye, na kwamba yeye alikaza vizuri tu kile alichopewa. Maneno hayo yalinijia baadaye, nikiwa peke yangu kituoni, nasubiri basi. Mle ndani nilitazama zulia. Nilikunywa chai mpaka ikaisha, nikaaga, nikaondoka.