Mama Vipimo na Bunduki ya Upepo

"Mwezi huu hautaisha kabla sijabadilisha kisu cha mashine yangu nikiwa nimekaa kitini, kikombe cha chai mkononi, na tone halitamwagika."

Mama Vipimo aliyasema hayo mezani kwa wifi yake, mbele ya watu kama ishirini waliokwisha kushiba na hivyo kupata nafasi ya kusikiliza. Alikuwa amechokozwa. Mumewe, karani mstaafu ambaye hajawahi kushika spana ila kumpitishia mtu mwingine, alikuwa ametoka kutangaza kwamba ile mashine ya kuchongea chuma iliyo bandani kwao itauzwa. Mnunuzi angekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Mume hakuwa na ubaya. Bega la kulia la mkewe lilikuwa limeisha. Mashine ile, ambayo mafundi huiita milingi, imempita mtu kwa urefu, na kisu chake hushikwa kutoka juu kabisa na bolti ndefu inayopita katikati ya shafti. Ukitaka kubadilisha kisu unapanda stuli, unanyoosha mkono juu ya kichwa, unalegeza bolti kwa spana, unaigonga kwa nyundo, halafu unawahi kukidaka kisu kisije kikakuangukia vidole vya miguu. Mara kumi kwa siku. Daktari alikataza mkono ule usipande kupita sikio.

"Kwa hiyo nihamishe sikio?" Mama Vipimo alimuuliza.

Jina hilo alilipata kiwandani, alikochonga vyuma miaka thelathini bila kumwamini mtu wala rula. Hata nyumbani aliwahi kumrudisha seremala kwa meza iliyopungua milimita mbili. Meza yenyewe ilikuwa ya kuwekea viatu. Kuuza mashine ya mtu kama huyo ni kumwachia mikono miwili ya kukunja nguo, na kukunja nguo hakujui.

Dawa aliiona kwa fundi wa matairi, mtaa wa pili. Fundi aliinua bunduki yake ya upepo, ikalia trrrr, na nati za gurudumu zikawa chini kabla mwenye gari hajamaliza kulalamika bei.

"Niazime hiyo," Mama Vipimo akasema.

"Dada, hii ndiyo inanilisha."

"Sisemi hiyo. Nasema ile ya zamani, uliyoitupa chini ya benchi."

"Ile haina adabu. Ikikaza, imekaza."

"Lete. Adabu nitaifundisha mwenyewe."

Kwa wiki mbili banda halikulala mchana. Alichonga bamba nene la kukaa juu ya mashine, akasimamisha nguzo mbili, akavisha springi, akaining'iniza bunduki katikati yake, mdomo chini. Pistoni ya kuisukuma ishuke aliitoa kwenye mlango wa basi lililokufa. Bunduki ikishuka, inaikamata bolti na kuizungusha. Ukiachia, springi zinairudisha juu. Akatia na pete ya chuma juu ya bega la bolti, pale inaponenepa, ili bolti ikifunguka isiweze kupanda, bali ikisukume kisu chini. Nyundo ikapewa likizo. Kati ya bunduki na bolti aliacha nafasi ya milimita kumi na mbili, akaipima mara tatu. Karani alikuwa ameshika taa.

"Mbona unapima tena? Imekua?"

"Shika taa, baba."

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa hesabu ya mikono. Mmoja wa chai, mmoja wa kupokea kisu, na wa kubonyeza kitufe utoke wapi? Alizunguka na swali hilo siku nzima, hadi alipojikuta ameketi kwenye cherehani ya zamani, miguu inakanyaga. Akacheka peke yake. Vitufe vikashuka sakafuni vikawa vikanyagio: cha kushoto kufungua, cha kulia kufunga.

Ijumaa asubuhi alijaribu. Akakanyaga kulia: trrrr, kisu kikakaa. Akakanyaga kushoto: trrrr, trrrr, bunduki ikapiga kelele hadi kuku wa jirani wakahama. Bolti haikusogea hata unywele.

Fundi wa matairi aliitwa, akaja anafuta mikono. Akainama kwenye kompresa inayosukuma upepo.

"Dada, ulikazia upepo kiasi gani?"

Mama Vipimo akaigeukia kompresa. Alikuwa amepima bamba, nguzo, springi, hata unene wa rangi. Upepo hakuupima.

"Umeikaza kama gurudumu la lori la mchanga," fundi akasema. "Mnunuzi akija atachukua mashine na kisu chake, mpaka kiama."

Karani alicheka mpaka akakaa chini. Kisha, bado anacheka, akavua koti, akapanda stuli na spana iliyochomekwa kwenye bomba la mita nzima.

"Si ulitaka iuzwe?" mkewe akamuuliza. "Iache hivyo hivyo."

"Kwanza nikuone ukinywa hiyo chai. Shika breki ya shafti."

Alivuta. Fundi naye akavuta. Bolti ikaachia kwa mlio wa mfupa unaovunjika, na karani akabaki ananing'inia kwenye bomba kama shati kwenye kamba, amefurahi kuliko siku aliyopandishwa cheo.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ndogo. Mama Vipimo alifunga koki yenye geji, ya kupunguza upepo, kwenye mpira wa kukazia tu. Wa kufungulia akauachia nguvu zote. Akajaribu mara arobaini, na mara zote arobaini ikafunguka.

Jumamosi mnunuzi alifika, na nyuma yake wifi na nusu ya wale waliokula siku ile. Wifi mwenyewe ndiye aliyemimina chai, akaijaza hadi ukingoni, kwa upendo wa mawifi. Mama Vipimo akaketi, kikombe kushoto. Akakanyaga: trrrr, kisu kikamwangukia kiganjani taratibu. Akakiweka, akachukua kingine, akakanyaga kulia. Kisha akanywa, kwa sauti.

Wifi alikagua sakafu kwa kuinama kabisa. Ilikuwa kavu.

"Ndugu yangu, utusamehe kwa usumbufu," karani akamwambia mnunuzi kabla hajaulizwa. "Mashine haiuzwi. Mwenyewe bado anaitumia."

Mnunuzi hakumsikia vizuri. Alikuwa amekwisha kupanda juu ya stuli, shingo ameikunja, anaipapasa pistoni ya basi na kuhesabu springi.

"Mashine bakini nayo," akasema kutoka huko juu. "Mimi ninazo mbili karakanani, na vijana wangu kila siku wanalia mabega. Hiki kidude, mama, unaweza kunitengenezea viwili?"

"Nikishakuja kupima," Mama Vipimo akajibu.

"Kimoja bei gani?"

"Laki tatu na nusu."