Kanyanga ya Vinyonga

Wifi yangu Zaituni ana kichwa kigumu, jamani. Mi nasema hivyo nikiwa nimemkosea mara moja, kosa kubwa, kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Alikuwa mtunza stoo wa shule moja kongwe hapa Gitega. Humo mna kabati la chupa zilizoachwa na Wazungu kabla ya uhuru, na ndani ya chupa ni vinyonga waliolowekwa kwenye spiriti. Mi kinyonga simgusi, hata aliyekufa, hata unilipe! Yeye alikuwa anawatoa kwa koleo, anawalaza kwenye sahani, anawatazama kwa lenzi. Rangi zilishawatoka zamani, wote wamekuwa kama chai ya maziwa, kwa hiyo alihesabu magamba. Lebo zote zilikuwa na jina moja. Lakini Zaituni akaona kwamba sita waliotoka Muyinga wana mstari wa miba chini ya koo, na wa Gitega hawana hata mmoja.

"Hawa si ndugu," akaniambia. "Mzungu alikosea."

Akamwandikia profesa mmoja wa Bujumbura. Profesa akajibu kwamba huenda ni kweli, atakuja kuwapima njia zikitulia. Ila wasikauke: kinyonga akikauka ngozi inajikunja, hakuna tena cha kuhesabu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Vita, kisha ambargo, nchi jirani zikatufungia mipaka na bidhaa. Spiriti ikakosekana hadi hospitalini, na chupa ya Muyinga ilikuwa imebaki nusu, migongo imeanza kutokeza.

Basi huyo mwanamke, Mwislamu, mwalimu wa watoto wa madrasa, akapanda lori hadi Muyinga kwa mjomba wake, akamtafuta mama mmoja mpika kanyanga, ile pombe kali ya magendo. "Ipike mara ya pili," akamwambia. Akamimina kidogo kwenye kijiko, akawasha kiberiti. Ilipowaka vizuri akajaza dumu la lita tano, akalifunga kwa kitenge, akarudi nalo mapajani, akipita vizuizi vyote vya askari.

Mi ndiye niliyempokea. Nikasikia harufu. Astaghfirullahi! Sikumuuliza kitu. Nilikwenda moja kwa moja kwa shehe.

Shehe akamwita. Zaituni hakuficha, akaeleza yote. "Bi Zaituni," shehe akasema, "sisemi unakunywa. Lakini wazazi wamesikia. Chagua, dumu au madrasa."

"Maji nimeshayavulia nguo, shehe. Nitayaoga."

Akarudisha ufunguo wa madrasa. Watoto arobaini! Alikuja kulia jikoni kwangu, kwangu mimi, akajifuta uso kwa khanga, kisha akaenda kuijaza ile chupa.

Miaka minane alikwenda Muyinga na kurudi, kila chupa zilipopungua. Sokoni wakamwita Mama Kanyanga. Anaitika, ananunua maharagwe yake, anaondoka.

Mwaka elfu mbili na nne profesa akaja, mzee wa mvi. Alikaa stoo siku mbili na lenzi yake. Siku ya pili nilimpelekea wifi chakula, nikamkuta profesa amesimama.

"Mama, uko na haki, ulisema kweli," akamwambia. "Hawa wa Muyinga ni aina nyingine kabisa."

Akaandika lebo mpya, akaifunga kando ya ile ya zamani. Zaituni akaisoma mara tatu.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani moyo ukanishinda. "Wifi, ni mi niliyekusema kwa shehe."

"Najua. Nani mwingine alinusa dumu langu siku ile?"

"Na miaka yote hii unakula kwangu, unacheka na mi?"

"Nilikuwa na vinyonga wa kulinda," akasema. "Muda wa kukununia ningeutoa wapi?"

Nikakaa chini palepale kando ya barabara, mbele za watu, nikalia.