Mkanda wa ndizi za wakwe

Juzi tukitoka Muleba kwenda Bukoba, trafiki alisimamisha pikapu iliyokuwa mbele yetu ikivuta tela. Juu ya tela kulikuwa na gari dogo bovu, magurudumu yamezuiwa kwa mawe tu. Pembeni yake, mikungu mitatu ya ndizi ilikuwa imekazwa kwa mkanda wa kufungia magari.

"Mzee, gari mbona hukulifunga?"

"Afande, mkanda ninao mmoja. Ndizi hizi ni za wakwe, zikichubuka nitawaambia nini?"

Trafiki alilisukuma gari kwa kiganja. Jiwe moja likadondoka barabarani.

"Na hawa walio nyuma yako?"

Mzee akatugeukia, akatutazama mmoja mmoja.

"Hawa siwajui."

Sikumkasirikia. Wengi wetu hufunga vizuri kile tutakachoulizwa tukifika.